Jabali Lilikuwa la Mama Pamba

Watu wengi wakitazama anga kwenye kioo cha kompyuta hutafuta nyota. Mama Pamba alikuwa na tabia ya kutafuta mahali ambapo nyota zimekosekana, na ndivyo alivyolipata jabali.

Ilikuwa alasiri. Alikuwa ametoka kazini kwenye karakana ya magodoro, nyuzi za pamba bado zimemganda nyweleni. Mwanawe mchanga, waliyemwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi shavuni, alikuwa amelala kitandani nyuma yake, ngumi mbili juu kama bondia aliyeshinda. Chumba kilikuwa kimoja: kitanda, meza, kabati lisilokubali kufungwa, na pazia lililotenganisha jiko na mambo mengine yote ya dunia. Kompyuta ilikuwa ya kuungaunga. Mume wake, fundi redio, aliijenga kwa vipande vya mashine zilizokwisha kukata roho, na feni yake ilinguruma utadhani meza inataka kupaa.

"Kapteni," alisema kwenye kinasa sauti. "Kapteni, nyota zinazimika huku."

"Kioo chako hicho, shemeji," Kapteni alijibu masikioni mwake. "Mwambie fundi wako akifute vumbi."

"Zinazimika kwa mpango. Zimeanzia kushoto, zinakuja."

Halafu sauti ya tatu ikapasuka kwa furaha: "Mama yangu wee! Tembo!"

Hapo inafaa tusimame kidogo, maana si kila mtu anayajua mambo haya. Mchezo wenyewe huchezwa mtandaoni, na kila mchezaji ana chombo chake cha angani. Kazi ni kuchimba madini kwenye mawe yanayoelea huko, asteroidi kama wanavyoziita wasomi. Mawe mengi ni ya ukubwa wa nyumba. Unalikata kwa mwale wa moto, unajaza shehena, unaondoka zako. Lakini kwa nadra, nadra hasa, hupita jabali kubwa la kutisha, kubwa kama mji mzima na vitongoji vyake. Wachimbaji huliita Tembo. Tembo ni mweusi tii, hametameti, hana mwanga. Unachokiona ni nyota zikipotea moja moja, kana kwamba kuna mtu anapita anga nzima akizizima.

Anayemwona Tembo huwasha taa juu yake. Taa huandika jina la aliyeiwasha, na huhitaji kulishwa: kila inapoanza kufifia, mtu abonyeze, la sivyo inazimika na jabali linakuwa la yeyote atakayeiwasha tena. Hivyo hivyo mpaka tanuri lifike. Tanuri ni dubwana la kuyeyushia mawe, linakwenda mwendo wa kobe, na ukanda ule wa mbali hufunguliwa alasiri tu. Magharibi ikiingia kila kitu husimama kilipo hadi kesho yake. Tanuri likifika, mwenye taa huulizwa jabali liitweje. Jina atakaloandika hubaki kwenye ramani ya mchezo, mbele ya kila mchezaji wa dunia, siku zote.

Ndiyo maana Mama Pamba hakungoja; aliiwasha taa palepale.

TAA YA MAMA PAMBA, kioo kiliandika.

Kundi lao lilijiita Wakata Kivuli, kwa sababu walikuwa na namna yao ya kuchimba. Makundi mengine hukata jiwe upande wa jua kwa kuwa wanaona vizuri. Jiwe likipata moto mara mbili, wa jua na wa mwale, linapasuka, na mali yote inatawanyika. Wao walikata upande wa giza, polepole, wote pamoja kwa sauti ya mmoja: vuta, achia, vuta, achia. Aliyeitoa sauti hiyo mara nyingi alikuwa Bibi Darubini, muuguzi mstaafu ambaye kwa maneno yake mwenyewe macho yake hayakuona sindano tena lakini yaliona jiwe angani. Aliyepiga kelele ya Tembo alikuwa Mkia, kinyozi aliyecheza kati ya kichwa cha mteja huyu na kichwa cha yule, na kwa hiyo kila mara alikuwa wa mwisho kwenye msafara. Kapteni alikuwa mlinzi wa geti kwenye maghala, mtu wa maneno mengi na sauti nzito. Yeye ndiye aliyeanzisha kundi, na yeye ndiye aliyewabatiza wote majina hayo.

"Hongera, shemeji!" Kapteni alisema. "Leo umetutoa kimasomaso."

"Mjukuu wangu, nakuja kukubusu," Bibi Darubini alisema. "Niambie tu ni mtaa gani."

Mama Pamba alicheka peke yake chumbani kama mwendawazimu. Alikuwa bado anacheka aliposikia nyuma yake mlio mdogo, wa maji yakikwama mahali yasipotakiwa. Aligeuka. Kidoti alikuwa amecheua maziwa akiwa chali, uso umeanza kubadilika rangi.

"Kapteni, nishikie taa! Mtoto anapaliwa!"

"Nenda, shemeji, nenda."

Kumshikia mtu taa lilikuwa jambo la kila siku kwa Wakata Kivuli. Unaleta chombo chako ubavuni mwa mwenzako, unailisha taa yake kwa shehena yako, na jina linabaki lake. Mama Pamba alikuwa amemshikia Kapteni alipokwenda kula. Alimshikia alipokwenda kufungua geti. Siku moja alimshikia hadi akachoka, kumbe bwana mkubwa kasinzia kwenye kiti na mkoromo wake ukasikika na kundi zima. Hakuna aliyewahi kusema neno. Ndivyo walivyoishi.

Alimlaza mtoto kifudifudi kwenye mkono wake, akampiga mgongoni mpaka maziwa yakatoka na kilio kikafuata, kilio kitamu kuliko muziki. Akampangusa, akambadilisha nguo, akamtembeza huku na huku katika ile nafasi ndogo kati ya kitanda na meza, akimwimbia jambo lisilo na maneno. Alipomweka begani na kurudi kwenye kiti, alidhani ameona vibaya.

TAA YA KAPTENI.

"Kapteni," alisema, "taa yangu iko wapi?"

"Ilizimika, nikaiwasha. Ulitaka jabali liokotwe na wapita njia?"

"Si nilikuomba unishikie?"

"Na nimeshika. Huoni?"

"Umeshika ya kwako! Kunishikia ni kuilisha yangu, unajua vizuri. Ulikuwa umekaa hapo hapo ubavuni ukiiangalia inakufa."

"Shemeji, usipandishe sauti. Kanuni ya mchezo inasema taa ikizimika ni ya aliyeiwasha. Kanuni sikuitunga mimi."

"Na ulipokuwa unakoroma? Kanuni ilikuwa imelala na wewe?"

Mkia alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Ile ni tofauti," Kapteni alisema. "Mimi niko kazini. Wewe uko nyumbani. Nakwambia kwa upendo, shemeji, anga si chekechea. Ukiwa na mtoto mdogo, chukua mawe madogo."

Bibi Darubini alisema kwa chini, "Kapteni, hilo silo." Lakini alilisema kama mtu anayejisemea, na baada yake hakuna aliyeongeza. Mama Pamba alisubiri. Alisikia mashine ya kunyolea ikivuma kinyozini kwa Mkia, akasikia feni, akasikia pumzi ya mwanawe shingoni. Alikuwa na mengi ya kusema na yote yalifika mlangoni kwa wakati mmoja, yakabanana, hayakutoka. Alivua hedifoni akaiweka mezani kwa utaratibu sana, kama mtu anayeogopa mikono yake mwenyewe.

Mume wake aliporudi alikuta chai iko tayari na mke hayuko tayari. Akahadithiwa yote, tangu nyota ya kwanza kuzimika. Akasikiliza vizuri, maana alikuwa mwanamume msikivu. Kisha akaharibu.

"Ni mchezo tu, mama Kidoti."

"Ni mchezo tu?"

"Nasema tu usijiumize roho."

"Kama ni mchezo tu, mbona ameniibia kweli?" Aliweka kikombe chini. "Angeniibia kwa mchezo basi, tukacheka. Ameniibia kweli, mbele ya watu, na sababu aliyotoa ni huyu hapa." Akamwinua Kidoti kidogo, naye Kidoti akatabasamu kwa ufizi mtupu. "Eti mawe madogo! Ningemwacha apaliwe ndiyo ningekuwa mchimbaji?"

Fundi redio alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. "Hapana," alisema mwishowe. "Hilo si mchezo."

Kesho yake karakanani Mama Pamba alishona kama anamchoma mtu. Kazi yao ilikuwa kujaza pamba kwenye magunia ya kitambaa, kuisawazisha kwa fimbo, halafu kufunga kingo kwa shazia, ile sindano ndefu inayopenya hadi upande wa pili. Jirani yake wa benchi, mama mmoja mnene mwenye ulimi wa wembe, alimtazama kwa muda.

"Godoro limekukosea nini, mwenzangu? Mtu atakuja kulala hapo."

Akaeleza. Benchi zima likacheka. Jirani alicheka mpaka akafuta macho kwa pamba.

"Hilo jiwe unaweza kulikalia?"

"Siwezi."

"Kulipika?"

"Siwezi."

"Haya, sasa roho inakuuma nini?"

"Inaniuma kwamba nililiona mimi." Sauti ilimtoka ya chini kuliko alivyotaka. "Watu wote walikuwa wanatazama, nikaliona mimi. Na sasa litaitwa kwa jina la mtu aliyeniambia kioo changu kina vumbi."

Jirani aliacha kucheka. Alivuta godoro lililokuwa mbele yake, akapitisha kidole kwenye ukingo, pale uzi unapokwenda mbele na kurudi nyuma ili pamba isiteleze.

"Mshono huu unauona? Niliuanzisha mimi, kabla wewe hujaja. Zamani magodoro yalikuwa yanarudishwa hapa yamevimba pembeni kama mtu mwenye jino bovu. Unajua tajiri anawaambia nini wateja? Eti ni mshono wake." Akauma uzi, akautema. "Nami nilinyamaza, nikasema ni uzi tu. Wewe mwenzangu usinyamaze. Kagombane. Gombana hata kwa ajili yangu."

Alasiri Mama Pamba hakumlaza mtoto. Alimpakata, akavaa hedifoni, akawasha mashine, na Kidoti alipopiga kelele yake ya kwanza ya furaha Kapteni aliguna.

"Shemeji, funga kinasa sauti. Kuna watu wanafanya kazi."

"Sifungi. Na kabla hamjaanza kazi, nina neno."

Mbele yao jabali lilikuwa limejaza kioo, weusi usio na mwisho, na juu yake taa moja ndogo. Mbali kulikuwa na alama nyekundu iliyokuwa ikikua taratibu: tanuri linakuja.

"Jabali hili nililiona mimi," alisema. "Kila mmoja wenu alikuwepo. Nilimwomba Kapteni anishikie kama ambavyo sote hushikiana, akakubali, akaiacha taa yangu ife akiwa ubavuni mwake. Sisemi ameivunja kanuni ya mchezo. Nasema amenifanya mjinga. Nataka airudishe mwenyewe, sasa hivi, kabla tanuri halijafika. Aizime, niiwashe. Sitaki kingine."

"Umemaliza?" Kapteni aliuliza.

"Nimemaliza."

"Hotuba nzuri. Mkia, panga shehena. Bibi, tukate kwa kuanzia juu au chini?"

"Kapteni," Bibi Darubini alisema, na safari hii hakujisemea peke yake, "mimi nimezalisha watoto miaka na miaka. Mtoto akipaliwa, hata daktari mkuu anaacha simu yake. Mrudishie mwenzako taa."

"Bibi naye!"

"Mrudishie."

"Nikimrudishia leo, kesho kila mwenye mtoto atataka..."

Kilichokatisha maneno yake kilikuwa honi. Ilipigwa huko kwenye geti lake la maghala, ndefu, ya mtu aliyezoea kufunguliwa. Wote waliisikia.

"Mungu wangu, bosi," Kapteni alisema, na sauti yake nzito ikapungua uzito papo hapo. "Leo si siku yake. Shemeji, uko karibu. Nishikie taa mara moja."

Mama Pamba hakuamini masikio yake. Alitaka kucheka, alitaka kulia, akaona vyote viwili vitampotezea muda.

"Sikushikii," alisema.

"Nini?"

"Nakwambia mapema usije ukasema nilikudanganya. Sikushikii. Ukiondoka itazimika, na ikizimika nitaiwasha mimi, kwa jina langu. Umesikia kwa masikio yako. Mimi jana hukuniambia."

Honi ikalia tena.

"Mkia! Njoo unishikie!"

"Kapteni, mimi si unajua niko mwisho wa msafara? Mpaka nifike hapo wewe umeshafungua na kufunga." Kila mtu aliweza kuona chombo cha Mkia. Kilikuwa jirani kabisa.

"Bibi!"

"Macho yangu haya, mwanangu. Sindano sioni, taa nitaiona wapi?"

"Mtanifukuzisha kazi! Shemeji, huyu ni bosi! Huyu ni riziki yangu!"

"Na yule alikuwa mwanangu," Mama Pamba alisema. "Alikuwa anageuka rangi. Nenda kafungue geti, Kapteni. Hakuna anayekuzuia. Mtu huenda kwanza palipo na haja, ndiyo maana kuna wa kumshikia. Ulikuwa nao."

Honi ya tatu haikukoma. Walisikia kiti kikianguka, funguo zikigongana, na buti zikikimbia juu ya changarawe.

Taa ikabaki peke yake. Ilianza kufifia kidogo kidogo, na Mama Pamba aliona kidole chake kimeshafika kwenye kitufe cha kuilisha. Mkono una mazoea yake; ulikuwa umemlishia mtu yule mara nyingi mno. Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Angesema neno moja tu, aliwaza. Angesema nilikosea, basi. Ningeshika hadi mkono ufe ganzi. Lakini Kapteni hakulisema neno hilo jana, wala leo honi ikilia.

Akaondoa kidole.

Taa ikazimika. Kwa pumzi chache jabali likawa la mtu yeyote. Lilikuwa giza kubwa mbele ya vyombo vitatu vyenye watu, na Mkia angeweza, na Bibi Darubini angeweza. Hakuna aliyegusa kitu.

"Mjukuu," Bibi Darubini alisema kwa upole, "tunakusubiri wewe."

Akaiwasha.

Tanuri lilifika likiwa limeachama, jekundu, likafunika nusu ya kioo, na kisanduku cheupe kikafunguka katikati: Jabali hili liitweje? Mama Pamba aliandika jina lake la mchezoni, akalitazama, likamkereketa. Kapteni ndiye aliyempa. Shemeji alikuwa shemeji kwa sababu ya mumewe, na mama Kidoti alikuwa mama Kidoti kwa sababu ya huyu aliye mapajani, kipenzi cha roho yake, ambaye wakati ule ule alitupa mkono kwenye vitufe na kuandika mstari mzima wa herufi zisizosomeka. Akafuta zote. Akaushika mkono wa mtoto, akaubusu, akauweka pembeni. Halafu kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, aliandika jina alilopewa siku aliyozaliwa, la kwake na la baba yake, kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Kisanduku kikajifunga. Jina likasimama juu ya jabali, refu, jeupe.

"Ee!" Mkia alinong'ona. "Limekaa vizuri."

Buti zilirudi zikikimbia. Kiti kikakokotwa. Wakasikia mtu anahema, kisha ukelele.

"Tumeibiwa! Jamani, tumevamiwa! Mmekaa mnaangalia tu?" Kapteni alisoma jina lililo juu ya jabali kwa sauti ya mtu anayemtaja mwizi, akikwama katikati, akirudi nyuma. "Huyu ni nani? Wa kundi gani huyu? Mbona simjui?"

Mkia alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka mteja wake akasikika akiuliza kulikoni.

"Unamjua," Bibi Darubini alisema. "Amekuwa akikushikia taa wewe ukikoroma."

Mama Pamba alimsogeza Kidoti begani na kuinamia kinasa sauti.

"Ni mimi," alisema. "Hilo ndilo jina langu."

"Shemeji... mimi sikujua kama..."

"Sasa umelijua. Lisome tena, na mara hii bila kupiga kelele."

Tanuri lilikuwa likisubiri, na vyombo vyote vilikuwa vimeshajipanga upande wa kivuli. Kisha Kapteni, polepole, neno kwa neno, akalisoma.